Kisu Kilicholalia Kushoto

Kisu cha kukunja kikiwa kizima hufunga kimya kimya. Bapa lake linaingia katikati ya mpini, haligusi huku wala kule, na mwenyewe anakitia mfukoni akaendelea na hamsini zake. Kisu cha Yassini kilikuwa na maneno. Kila alipokifunga kilitoa sauti ndogo ya kukwaruza, na kila alipoisikia sauti hiyo moyo ulimpiga paa.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Alikaa barazani kwake na kanzu bado mwilini, akakielekeza kisu juani kikiwa kimefungwa, akachungulia kwenye uwazi wa mpini kwa jicho moja. Upande wa kulia mwanga ulipita. Upande wa kushoto giza tupu. Bapa lilikuwa limelala kushoto, limeegemea bati la ndani ya mpini, na makali yalikuwa yanasuguana na bati hilo kila kisu kilipofungwa na kufunguliwa. Kesho asubuhi, kabla ya misa ya ndoa, kisu hicho hicho kilitakiwa kipite kwenye shingo za mbuzi wa harusi ya Romana, binti wa jirani yake Severini, na nusu ya kijiji wakiwa wamesimama kutazama.

Mgeni anaweza kushangaa mbuzi wa harusi ya kanisani wanamhusu nini mzee wa msikitini. Huku vilimani, juu ya Tingi, Waislamu na Wakatoliki wamechanganyika nyumba, mashamba na hata wakwe. Shughuli yenye masufuria mawili, ya hawa na ya wale, ni aibu ya mwenye shughuli. Kwa hiyo Mkristo mwenye sherehe humwita Mwislamu amchinjie, ili watu wote wale sinia moja. Hakuna aliyeipitisha sheria hiyo kikaoni, watu wameikuta tu, na kwa miaka mingi mtu wa kuitwa alikuwa Yassini.

Kabla yake alikuwa marehemu Mwalimu Hussen, ndiye aliyemfundisha, na ndiye aliyemwachia kisu chenyewe: mpini wa pembe, bapa refu kidogo kupita kiganja, skrubu moja ya kulishikilia. Akamwachia na masharti yake. Mnyama asione kisu kikinolewa. Mnyama asimwone mwenzake akichinjwa. Na kisu kikishaanza kupita, mkono usiinuke mpaka kazi iishe. Mashehe wa mjini wana maelezo marefu zaidi juu ya jambo hili la mwisho, lakini vilimani huku watu hawana muda wa maelezo marefu. Ukiinua kisu ukarudisha, wao wameshaona, nyama hiyo kwao ni kibudu, na hakuna Mwislamu atakayeigusa hata umpigie magoti.

Kwa kazi hiyo Yassini halipwi. Anapewa shingo tu. Shingo ya mnyama ni ya mchinjaji, huletwa kwenye sahani ya peke yake na kuwekwa mbele yake watu wote wakiona, na yeye hujifanya anaongea na mtu wa pembeni kana kwamba sahani haijafika. Lakini muulizeni mkewe Umi jinsi anavyorudi nyumbani siku hizo, anavyotembea.

Balaa lilianza masika yalipoisha, na lilianza kwa kuku. Walipata mgeni kutoka Nangurukuru, Yassini akakamata jogoo, akapiga bismillahi, kisu kikapita nusu kikakwama. Mkono ukainuka wenyewe. Alibaki amesimama na jogoo anayetapatapa, na Umi tayari ameshachemsha maji ya kumnyonyolea.

"Kibudu," Yassini alisema.

"Na mgeni anakula nini?"

Mgeni alikula maharage. Jogoo alipelekwa nyuma ya ua kwa Severini, ambaye hana kikwazo katika mambo hayo, akampokea kwa mikono miwili na kumwombea jirani yake baraka za Mungu. Baada ya siku chache akafuata kuku wa pili. Halafu tetea mmoja wa Umi, aliyekuwa anataga vizuri kabisa.

"Hivi hujaona Severini anavyonenepa?" Umi aliuliza, lakini hakucheka.

Yassini alikinoa kisu kwenye kinoo mpaka kikanyoa nywele za mkono wake. Kesho yake akakifungua na kukuta makali yameingia pengo dogo, mahali pale pale. Akanoa tena, pengo likarudi. Ndipo alipoanza kuisikia ile sauti ya kukwaruza, na alipochungulia ndani ya mpini na kuliona bapa limelala kushoto, alifurahi kuliko inavyompasa mtu aliyeharibikiwa kisu. Kumbe ni kisu! Kisu kinatengenezeka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakutaka hata kulifikiria. Asubuhi moja ya masika aliamka mkono wa kulia ukiwa mzito na mfu, hausikii akiufinya. "Nimeulalia," alimwambia Umi. Kufika adhuhuri mkono ulikuwa umerudi, isipokuwa dole gumba, ambalo lilibaki vivu vivu. Umi akamwambia aende zahanati. Akasema njia ina tope. Tope lilipokauka akasema palizi ya mikorosho haijaisha. Palizi ikaisha, na Umi akachoka kusema.

Sasa, Ijumaa hiyo, alikuwa na bisibisi mapajani aliposikia hodi ya Severini. Akakisukumia kisu chini ya kanzu na kukikalia.

"Karibu, karibu, mzee mwenzangu."

Severini ni mtu mrefu, akiingia barazani lazima ainame, na akicheka mbuzi wa jirani wanashtuka. Siku hiyo alikuwa amejaa harusi mwili mzima. "Madume wawili wamefika, wamenona utadhani wamefugwa kwa ugali. Wakwe zangu wanakuja na watu wengi, na nusu yao ni watu wa msikitini. Mama Romana hana raha, anauliza hili, anauliza lile." Akakaa. "Kisu kiko tayari?"

"Kisu changu kiko tayari siku zote."

Severini alimtazama, macho yakakaa kidogo. "Ukiona una uchovu, ndugu yangu, sema tu. Maana Bakary naye yupo."

Bakary! Kijana wa duka la njia panda, ndiye pia anayeadhini, mwenye kisu cha buchani cha mpini wa plastiki ya njano. Yassini alihisi damu inampanda usoni. Bakary hakuwa na kosa lolote. Alikuwa mpole, akikutana naye anaitoa shikamoo kutoka mbali, na hilo nalo lilimuudhi.

"Bakary akachinje kuku wa dukani kwake," alisema. "Romana nimemwona anazaliwa. Mbuzi wake nitachinja mimi."

"Basi, yameisha, baba, yameisha." Severini akainua mikono. "Kesho asubuhi, jua likichomoza."

Alipotokomea nyuma ya ua Yassini alikitoa kisu chini ya kanzu. Sasa alikuwa ameahidi. Makali yakikwama katikati ya shingo ya mbuzi, mkono wake ukainuka mbele ya wale wakwe, nusu ya wageni watakaa mikekani wakila wali mkavu huku nusu nyingine ikila nyama, na Romana atakumbuka harusi yake kwa hilo.

Akaanza kazi. Kwanza alichukua masizi ya sufuria akayapaka kwenye makali, akafunga kisu, akakifungua. Masizi yalikuwa yamefutika mahali pamoja, karibu na ncha, na bati la kushoto lilikuwa na mstari mweusi. Akalegeza skrubu kidogo. Bapa likarudi katikati, lakini sasa lilicheza ovyo, likaning'inia kama jino la mtoto. Akakaza. Likarudi kushoto. Akalegeza robo, akakaza nusu ya robo, akachungulia juani. Kushoto. Jua lenyewe lilikuwa linaondoka barazani.

"Chukua kisu cha jikoni," Umi alisema kutoka mlangoni.

"Cha jikoni kinapinda."

"Kaazime cha Bakary."

Umi akavuta kigoda, akawasha tochi ya simu na kummulikia ndani ya mpini bila kuombwa. Yassini akatandika kipande cha khanga, akaifungua skrubu yote mpaka ikatoka, na kisu cha Mwalimu Hussen kikawa vipande vipande. Hofu ikamshika. Hakuwahi kukifungua hivi. Mpini huku, bapa kule, na washa mbili, vipete vyembamba vya shaba ambavyo hukaa huku na huku ya bapa kulizuia lisisuguane na mpini. Washa moja ikamponyoka kwenye dole gumba, ikabingirika mchangani, na kuku wa Umi akaikimbilia akidhani ni punje. Umi aliiwahi kwa mguu.

"Ungemchinja kwa kitu gani huyo, kama angeimeza?" aliuliza.

Aliiokota, akaipangusa kwa khanga, akaiweka kiganjani pamoja na mwenzake, akazimulika. Akaisogeza tochi karibu zaidi.

"Baba Ahmadi. Hebu ona hii."

Washa moja ilikuwa nzima, unene mmoja kuzunguka pote. Nyingine ililika upande mmoja tu, imekuwa nyembamba hadi inakaribia kukata, na upande wa pili bado mnene. Ndiyo iliyoliangusha bapa kushoto.

"Imezeeka," Yassini alisema.

"Zimewekwa siku moja. Mbona mwenzake hajazeeka?" Umi aliuchukua mpini mtupu, akauegemeza kwenye paja lake, akasukuma kwa kiganja kama anayekanda unga. "Unakifunga hivi. Unakilalia. Zamani ulikuwa unakifunga kwa dole gumba, mara moja, tak. Tangu ile asubuhi ya masika unakilalia mguuni."

Yassini alisema anajua kufunga kisu chake. Alisema kwa ukali, na Umi akazima tochi, akaingia ndani. Lakini hakwenda kukaa. Alirudi na taa ya karabai kuukuu iliyokuwa darini, akaiweka mbele yake bila neno. Ndani yake mlikuwa na washa ya shaba.

Ilikuwa nene mno. Aliisugua kwenye kinoo kwa maji, akaigeuza, akaisugua, akaijaribu, akaitoa tena. Vidole vikamwuma. Mara mbili dole gumba lilikataa kushika, akalisaidia kwa mkono wa kushoto huku akitazama mlangoni kama Umi anaona. Hatimaye akakipanga kisu upya, washa ya zamani kulia, ya karabai kushoto, tone la mafuta ya nazi katikati, akakaza skrubu taratibu, akisimama kila mara kuchungulia. Akakifunga, akakiinua kwenye mwanga wa mwisho wa jua. Mwanga ulipita kulia. Mwanga ulipita kushoto. Bapa lilikuwa limesimama katikati ya mpini, halijaegemea popote, kama siku aliyokabidhiwa.

"Mama Ahmadi!" aliita. "Kimenyooka!"

Kwa muda alikuwa na furaha ya kweli. Akayanoa makali, pengo likaisha. Akakifunga na kukifungua, hakikukwaruza. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, mahali mgomba ulipokuwa umekatwa mkungu, ili amalize mashaka yote. Shina la mgomba ni laini, unene wake unakaribia shingo. Akalishika kwa mkono wa kushoto, akaweka makali, akavuta.

Kisu kiliingia kwenye shina bila kulazimishwa. Hakikukwama popote. Kilichokwama ni mkono. Kufika katikati dole gumba lililegea, mpini ukamgeuka kiganjani, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshauinua mkono ili ashike upya.

Akajaribu tena chini kidogo. Ukainuka tena. Akajaribu mara nyingine, akiuma meno, na alipomaliza shina lilikuwa limechanika vibaya na yeye anatweta. Alisimama pale mgombani akisikia adhana ya magharibi, sauti ya Bakary, safi, haitetemeki. Akaogopa vibaya sana, kuliko alivyoogopa asubuhi ile mkono ulipokuwa mfu. Asubuhi ile alidhani amepoteza mkono. Sasa aliona anapoteza mahali pake pa kukaa kati ya watu.

Hakumwambia Umi. Alipoulizwa, alisema kisu kiko sawa, na hakuwa amedanganya.

Jua lilipochomoza uwanja wa Severini ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa kwenye mafiga, vijana wamechimba shimo la damu, wakwe wamekalia viti vya kukodi. Mbuzi wa kwanza aliletwa peke yake, mwenzake kafichwa nyuma ya ghala, kama Yassini alivyowafundisha. Wakamlaza, uso kibla. Severini mwenyewe akashika miguu, na shati lake la harusi, na mkewe Lusia akimpigia kelele kuwa atalichafua.

Yassini akapiga magoti. Akafungua kisu. Makali yakang'aa, hayana pengo, na alisikia watu nyuma yake wanatulia. Akamshika mbuzi chini ya kidevu. Bismillahi aliiogopa, kwa sababu akishaisema hakuna kurudi. Dole gumba lilikuwa limelala juu ya mpini wa pembe. Labda leo litashika. Watu wamesimama, litaona haya, litashika. Akawaza hivyo kama mtu anayembembeleza mtoto. Halafu akauona mkono wake ukiinuka pale mgombani, mara ya kwanza, mara ya pili. Akiinua mkono hapa, watakaoharibikiwa ni wengi. Asipoanza kabisa, ni yeye peke yake.

Akainuka.

"Bakary," alisema. "Njoo."

Bakary alitoka katikati ya vijana, ameduwaa. "Mzee Yassini, kisu changu kiko nyumbani."

"Hiki hapa. Kimenyooka."

Bakary akamtazama Severini, na Severini, akiwa bado kashika miguu ya mbuzi, akaitikia kwa kichwa. Kijana akakunja mikono ya shati, akapiga magoti palepale Yassini alipokuwa. "Bismillahi, Allahu Akbar." Mkono ukapita mara moja, haukuinuka. Yassini alisimama nyuma yake akiutazama mkono ule hadi mwisho, na ilimwuma, na kilichomwuma zaidi ni kwamba ilikuwa kazi safi.

Baada ya mbuzi wa pili Bakary alikiosha kisu, akakifuta, akakifunga kwa dole gumba. Yassini alitega sikio. Hakusikia mkwaruzo. Kijana akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kaa nacho," Yassini alisema.

"Mzee, hiki ni cha Mwalimu Hussen."

"Najua ni cha nani. Kifunge hivyo hivyo kwa dole gumba. Usije ukakilalia mguuni, kitapinda."

Adhuhuri, waliporudi kutoka kanisani, watu wakakaa mikekani, sinia kwa sinia, watu wa msikitini na watu wa kanisani magoti yakigusana. Hakuna aliyeuliza kitu juu ya nyama. Kisha Lusia akatokea jikoni na ile sahani ya peke yake, yenye shingo, na kwa mazoea ya miaka yote miguu yake ikamleta moja kwa moja hadi kwa Yassini. Akaiweka mbele yake. Ndipo alipokumbuka, na mkono ukabaki hewani. Upande wa wanawake Umi alikuwa ameacha kula.

Yassini aliitazama sahani. Safari hii hakujifanya anaongea na mtu wa pembeni. Akaisukuma kwa mkono wa kushoto na wa kulia pamoja, taratibu, ikapita mbele ya wakwe wawili, ikafika kwa Bakary.

"Ya kwako hiyo," alisema.

Bakary akaipokea, macho chini. Severini, aliyekuwa ameketi bega kwa bega na Yassini, akamwinamia sikioni.

"Sasa umeniponza. Kuku nitakuwa nakula wapi?"

Yassini akageuka. "Ulijua?"

"Wa kwanza nilisema bahati. Wa pili nikamtazama shingo."

"Na jana ukaja kuniuliza kama kisu kiko tayari?"

"Nilikuwekea na Bakary awe mlango wako wa kutokea, ukamfukuza." Severini aliokota mfupa, akauweka chini bila kuula. "Ningeanza kwenda kwake, Yassini, leo ungekaa wapi hapa?"

Yassini akanyoosha mkono wa kulia kwenye sinia, akafinyanga tonge, likamporomoka kabla halijafika mdomoni na wali ukatapakaa mkekani. Severini aliendelea kuzungumza na mkwe wake juu ya bei ya mabati. Huku akizungumza alilivuta sinia kwa mkono mmoja hadi likagusa magoti ya Yassini, na kuanzia hapo yeye mwenyewe akawa anainama kulifikia.